Jazi Huru: Muziki Ulioacha Kanuni na Kujijengea Kumbi Zake

Jazi huru ni mkondo wa jazi uliochipuka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, pale baadhi ya wapigaji weusi walipoacha mambo matatu yaliyokuwa yakiushikilia muziki huo: mfuatano wa kordi uliopangwa kabla ya kupiga, idadi maalumu ya vipimo katika kila mzunguko wa wimbo, na mdundo mmoja unaokwenda sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Magazeti ya New York yaliuita "kitu kipya". Wengine waliuita jazi ya mstari wa mbele, na wako waliokataa kabisa kuuita jazi. Mara nyingi historia yake husimuliwa kama kisa cha sauti peke yake, yaani nani alivunja kanuni gani na katika santuri ipi. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili inahusu nani alimiliki ukumbi, nani alishika mkataba, na nani alilipwa usiku ulipokwisha. Wapigaji wa jazi huru walipambana na mambo yote mawili kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kazi yao kudumu.

Kanuni walizoziacha zilikuwa zimejengwa kwa ustadi mkubwa. Katika miaka ya 1940, Charlie Parker na Dizzy Gillespie waliifikisha jazi kwenye kilele cha ufundi kwa mtindo wa bebop. Wimbo ulikuwa na mzunguko wa vipimo 32, au 12 ukiwa wa bluzi. Bendi ilianza kwa kupiga melodia, kisha kila mpigaji akapata zamu ya kubuni papo kwa papo huku piano na besi zikirudia mfuatano uleule wa kordi, mzunguko baada ya mzunguko, hadi melodia iliporudi kufunga. Mpigaji alikuwa huru kama dereva wa treni: mwendo ni wake, reli si zake. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 vijana waliomwiga Parker walikuwa wengi, na msikilizaji mzoefu aliweza kukisia kitakachofuata kabla hakijapigwa.

Majaribio ya kutoka katika utaratibu huo yalikuwa yameanza mapema. Mei 1949, mpiga piano Lennie Tristano na wenzake walirekodi New York vipande viwili, "Intuition" na "Digression", bila melodia wala kordi zilizopangwa. Wakati huo hakuna aliyefuata njia hiyo. Mwaka 1959 Miles Davis, katika santuri ya Kind of Blue, alipunguza kordi na kuwaachia wapigaji wakae juu ya ngazi moja ya sauti kwa vipimo vingi. Hatua hiyo iliwapa nafasi ya kupumua, lakini mzunguko wa wimbo ulibaki palepale.

Upande wa umiliki nao ulikuwa na watangulizi. Mpiga besi Charles Mingus na mpiga drams Max Roach walianzisha kampuni yao ya santuri, Debut, mwaka 1952, wakiwa wamechoka kuuza kazi zao kwa masharti ya wengine. Huko Chicago, mpiga piano aliyezaliwa Birmingham, Alabama, mwaka 1914 kwa jina la Herman Blount, akajiita Sun Ra, alikuwa amekusanya bendi kubwa aliyoiita Arkestra. Yeye na rafiki yake Alton Abraham walianza kutoa santuri zao wenyewe kwa jina la El Saturn katika miaka hiyohiyo ya 1950. Zilitolewa chache chache, na baadhi ya majalada yalichorwa kwa mkono. Wanamuziki wa Sun Ra waliishi na kufanya mazoezi pamoja kwa nidhamu kali, jambo linaloshangaza wanaodhani kwamba muziki huru ulipigwa na watu wasiotaka kujifunza.

Mpiga piano Cecil Taylor wa New York alirekodi santuri yake ya kwanza, Jazz Advance, mwaka 1956. Alikuwa amesomea muziki katika chuo cha New England Conservatory, akawafahamu vizuri watunzi wa Ulaya wa karne ya 20, lakini alimweka Duke Ellington mbele. Vidole vyake viliipiga piano kwa kasi na uzito wa ngoma, sauti zikiangukiana kwa makundi, na mdundo ukipanda na kushuka bila kuhesabika. Mwaka huohuo bendi yake ilipiga Five Spot, baa ndogo ya mtaa wa Bowery, nayo baa hiyo ikageuka kituo cha wasanii na waandishi. Hata hivyo kazi zilikuwa adimu, na katika miaka iliyofuata Taylor aliosha vyombo mikahawani ili kupata riziki. Heshima ilimfikia uzeeni: Japani ilimtunuku Tuzo ya Kyoto mwaka 2013.

Aliyezua zogo kubwa zaidi ni Ornette Coleman. Alizaliwa Fort Worth, Texas, mwaka 1930, akajifunza saksafoni karibu bila mwalimu, na akaanza kazi katika bendi za bluzi zilizozunguka miji ya kusini. Baton Rouge, Louisiana, alipigwa na wahuni na saksafoni yake ikavunjwa. Alipohamia Los Angeles alifanya kazi ya kuendesha lifti katika duka kubwa, na lifti iliposimama bila abiria alisoma vitabu vya nadharia ya muziki. Saksafoni yake ya alto ilikuwa ya plastiki nyeupe. Aliinunua kwa sababu ya shaba ilikuwa ghali, kisha akaipenda sauti yake kavu inayokaribia sauti ya mtu.

Huko Los Angeles alipata wenzake watatu walioelewa alichotaka: Don Cherry wa tarumbeta ndogo ya mfukoni, Charlie Haden wa besi, na Billy Higgins wa drams. Bendi haikuwa na piano, na hilo ndilo jambo la kuzingatia. Katika jazi ya kawaida piano ndiyo inayotangaza kordi, ikimwonyesha kila mpigaji mahali alipo ndani ya wimbo. Coleman alipoiondoa, melodia ilikuwa huru kugeuka popote hisia ilipoipeleka. Haden alilazimika kumsikiliza kila nukta na kuchagua sauti ya kumsindikiza papo hapo, badala ya kufuata mfuatano uliokwisha kuandikwa. Melodia zenyewe zilikuwa nyepesi kushikwa, zenye huzuni ya bluzi na uchangamfu wa nyimbo za watoto. Mdundo wa Higgins ulicheka na kusukuma mbele. Anayeisikia leo santuri ya The Shape of Jazz to Come, iliyorekodiwa Mei 1959, hupata shida kuamini kwamba muziki mtamu kiasi hicho uliwahi kuchukuliwa kuwa fujo.

Lakini ulichukuliwa hivyo. Tarehe 17 Novemba 1959 bendi ya Coleman ilianza kupiga Five Spot. Mkataba wa wiki mbili uliongezwa ukafika wiki kumi hivi, kwa maana kila mtu alitaka kujionea. Leonard Bernstein, kiongozi wa New York Philharmonic, alimsifu waziwazi. Roy Eldridge, mpiga tarumbeta mkongwe aliyeheshimika, alisema wazi kwamba hamwamini. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Desemba 1960, Coleman aliingiza studioni bendi mbili za watu wanne wanne, moja ikisikika upande wa kushoto wa stirio na nyingine kulia. Walipiga kwa dakika 37 bila kukatiza, kukiwa na vifungu vifupi tu vilivyokubaliwa kabla. Santuri hiyo iliitwa Free Jazz, na jalada lake lilibeba mchoro wa Jackson Pollock. Jina la mtindo mzima lilitoka hapo.

Umaarufu huo haukumletea Coleman fedha. Aliona kwamba vilabu vilijaa kwa ajili yake huku malipo yake yakibaki madogo kuliko ya wengine, akapandisha bei, na wenye vilabu wakaacha kumwita. Desemba 1962 alikodi ukumbi wa Town Hall kwa gharama yake mwenyewe. Baada ya onyesho hilo alikaa kimya kwa miaka miwili, akijifunza fidla na tarumbeta. Watu wengi wamekiona kipindi hicho kama pengo katika maisha yake. Kwa kweli kilikuwa mgomo wa mtu mmoja.

John Coltrane alikuja kwa njia nyingine. Yeye alikuwa tayari mpiga saksafoni mashuhuri, aliyekwisha kupiga na Miles Davis na Thelonious Monk, na aliyezijua kordi kuliko karibu kila mtu wa zama zake. Mwaka 1961 alipopiga Village Vanguard pamoja na Eric Dolphy, nyimbo zao zikivuka robo saa, gazeti la Down Beat lilichapisha shutuma kwamba wawili hao walikuwa wakiipinga jazi yenyewe. Walijibu kwa upole katika gazeti hilohilo mwaka 1962. Desemba 1964 Coltrane alirekodi A Love Supreme, sala ya sehemu nne iliyopendwa na watu wengi kupita santuri zake nyingine. Angeweza kukaa hapo. Miezi sita baadaye, tarehe 28 Juni 1965, alikusanya wapigaji kumi wengine, baadhi yao vijana, wakiwemo Pharoah Sanders, Archie Shepp, Marion Brown na John Tchicai, wakarekodi Ascension. Kipande hicho kimoja kina urefu wa dakika 40 hivi, na pembe saba hupaza sauti kwa pamoja kisha kumwachia mpigaji mmoja mmoja nafasi ya kusema lake.

Kwa kufanya hivyo Coltrane alikopesha jina lake kwa kizazi kizima. Kampuni ya Impulse, iliyomwamini kwa sababu santuri zake ziliuzika, iliwarekodi Shepp, Sanders na Albert Ayler. Gharama ilikuwa kubwa kwake: mpiga piano McCoy Tyner na mpiga drams Elvin Jones, nguzo za bendi yake ya awali, waliondoka mwishoni mwa 1965 na mwanzoni mwa 1966. Aprili 1967 alipiga Harlem katika kituo cha utamaduni wa Afrika cha Babatunde Olatunji, mpiga ngoma kutoka Nigeria. Lilikuwa moja ya maonyesho yake ya mwisho. Alifariki tarehe 17 Julai 1967 akiwa na miaka 40, na katika mazishi yake walipiga Ornette Coleman na Albert Ayler.

Ayler, mzaliwa wa Cleveland, alichukua nyimbo za kanisani, za gwaride na za watoto, akazipiga kwa mtetemo mkubwa wa saksafoni hadi zikageuka kilio. Spiritual Unity, aliyoirekodi Julai 1964 akiwa na Gary Peacock wa besi na Sunny Murray wa drams, ni ya watu watatu tu, lakini inajaza chumba. Murray aliacha kabisa kuhesabu mapigo; matoazi yake yalitoa mvumo usiokatika, na mdundo ukawa ni wimbi la nguvu badala ya hesabu. Mwaka huohuo wa 1964, mwezi wa Oktoba, mpiga tarumbeta Bill Dixon aliandaa kwa siku nne mfululizo wa maonyesho katika mkahawa wa Cellar, Manhattan, akauita Mapinduzi ya Oktoba katika Jazi. Wapigaji ambao vilabu viliwakataa walijaza watu ukumbini. Kutokana na mkutano huo kilizaliwa chama, Jazz Composers Guild, kilichowaunganisha Dixon, Taylor, Shepp, Sun Ra, Carla Bley na wengine, kwa makubaliano kwamba hakuna atakayesaini mkataba peke yake bila wenzake. Chama kilivunjika baada ya miezi michache. Kila mmoja alikuwa maskini, na maskini akiletewa mkataba mezani ni vigumu kumwambia asubiri.

Kilichoshindikana New York kilifaulu Chicago. Mei 1965, wapigaji wa mitaa ya kusini mwa jiji hilo, wakiitwa na Muhal Richard Abrams, Jodie Christian, Phil Cohran na Steve McCall, waliunda chama cha AACM. Masharti yalikuwa machache na magumu. Mwanachama alitakiwa kupiga muziki wake mwenyewe, si nyimbo za wengine. Maonyesho yaliandaliwa na chama, katika makanisa, kumbi za mitaa na vyuo, ili wasimtegemee mwenye baa. Vijana wa mtaani walifundishwa muziki bure. Ada ya chama na kazi za kujitolea vilitosha kuanzia, na chama hakikuwa na haja ya kumsubiri mfadhili.

Sauti ya Chicago ilikuwa tofauti na ya New York. Katika santuri ya Sound ya Roscoe Mitchell, ya mwaka 1966, kimya kina uzito sawa na mlio. Kelele za Ayler na Coltrane zilikuwa zimepanda hadi dari, na vijana wa AACM wakauliza nini kingefuata. Wakajibu kwa vyombo vidogo: kengele, filimbi, vifaa vya kuchezea, honi za baiskeli, njuga. Anthony Braxton alirekodi mwaka 1969 For Alto, santuri mbili nzima za saksafoni moja bila msindikizaji. Mwaka huo Mitchell, Lester Bowie, Joseph Jarman na Malachi Favors walihamia Paris, wakaitwa Art Ensemble of Chicago, na baadaye wakampata mpiga drams Famoudou Don Moye. Walipanda jukwaani wakiwa na mamia ya vyombo, baadhi yao nyuso zimepakwa rangi, Bowie akiwa katika koti jeupe la maabara. Walikataa neno jazi na kuuita muziki wao muziki mkuu wa watu weusi, kuanzia kale hadi siku zijazo.

Miji mingine iliiga. St. Louis ilikuwa na chama cha BAG kuanzia 1968, walikotoka Julius Hemphill na Oliver Lake. Los Angeles ilikuwa na Horace Tapscott, mpiga piano aliyeacha kazi ya kusafiri na bendi kubwa ili apige mtaani kwao, na kikundi chake kikaja kuitwa Pan Afrikan Peoples Arkestra. Tapscott hakutafuta umaarufu, na santuri za kwanza za kikundi chake zilichelewa sana kutoka. Matunda ya kazi yake yalionekana miaka 50 baadaye.

Jina hilo la bendi ya Tapscott linaelekeza kwenye jambo linalowahusu wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, mpiga piano Randy Weston wa Brooklyn alirekodi New York kazi ndefu ya bendi kubwa iliyopangwa na Melba Liston, mpiga tromboni na mmoja wa wapangaji hodari wa muziki wa zama zile. Kazi hiyo iliitwa Uhuru Afrika. Mshairi Langston Hughes aliandika shairi la kuifungulia, na Weston akataka lisikike katika lugha ya Kiafrika. Aliyelisoma kwa Kiswahili ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa New York wakati huo, mwaka mmoja kabla ya nchi yake kupata uhuru. Kwa mtindo, Uhuru Afrika si jazi huru. Kordi na mdundo vipo. Lakini ilifungua mlango ambao wengi wa jazi huru waliupita, na serikali ya makaburu iliipiga marufuku Afrika Kusini mwaka 1964.

Baada ya hapo Kiswahili kilienea miongoni mwa Wamarekani weusi kupitia vyama vya mwamko wa miaka ya 1960. Maulana Karenga wa Los Angeles, aliyeanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966, aliifundisha falsafa aliyoiita Kawaida. Mmoja wa wafuasi wake alikuwa mpiga ngoma kijana James Mtume. Desemba 1969 Mtume, pamoja na mpiga drams Albert Heath ambaye ni baba yake mdogo, walirekodi santuri iliyoitwa Kawaida, wakiwa na Herbie Hancock na Don Cherry. Nyimbo zake zina majina kama "Baraka", "Maulana" na "Dunia".

Mtume ndiye aliyewapa majina ya Kiswahili wanamuziki wa bendi mpya ya Hancock. Hancock akawa Mwandishi, Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa drams akawa Jabali, Eddie Henderson wa tarumbeta, ambaye pia alikuwa daktari wa hospitali, akawa Mganga. Bennie Maupin aliitwa Mwile, na Julian Priester wa tromboni Pepo Mtoto. Bendi iliyojulikana kama Mwandishi ilitoa santuri tatu kati ya 1971 na 1973, yaani Mwandishi, Crossings na Sextant, na kuanzia ya pili ilimwongeza Patrick Gleeson wa sintesaiza. Kipande cha kwanza cha Mwandishi kinakwenda kwa mapigo 15 katika kila mzunguko, besi ikirudia neno lake bila kuchoka, na juu yake tarumbeta na klarineti ya besi zikielea. Kwa uzuri na ujasiri ni moja ya kazi bora za muongo ule. Haikuuzika vya kutosha kulipa mishahara ya bendi kubwa hivyo, Hancock akaivunja, na mwaka 1973 akatoa Head Hunters, muziki wa fanki uliopata wanunuzi wengi sana.

Wapigaji waliokuwa na mwelekeo wa Kiafrika walijenga taasisi pia. Brooklyn kulikuwa na kituo cha The East, kilichoanzishwa mwaka 1969 na mwalimu Jitu Weusi, chenye shule ya watoto iliyoitwa Uhuru Sasa na ukumbi wa jazi wikendi. Mtume alirekodi hapo santuri yake Alkebu-Lan mwaka 1971. Mwaka huohuo Charles Tolliver na Stanley Cowell walianzisha kampuni ya Strata-East, ambayo ilimwachia msanii umiliki wa rekodi zake mwenyewe.

Ulaya nayo haikuwa mtazamaji. Mwaka 1964 bendi ya Blue Notes, yenye wapigaji weusi watano na mzungu mmoja, Chris McGregor, iliondoka Afrika Kusini kwa sababu sheria za ubaguzi ziliwazuia kupiga pamoja. Walipiga katika tamasha la Antibes, Ufaransa, kisha wakahamia London. Dudu Pukwana, Mongezi Feza, Johnny Dyani na Louis Moholo waliileta nguvu ya muziki wa mitaa ya kwao ndani ya jazi huru ya Waingereza, na mwaka 1970 McGregor akaunda bendi kubwa ya Brotherhood of Breath. Ujerumani, Peter Brötzmann alirekodi Machine Gun mwaka 1968 na watu wanane, akaitoa mwenyewe kwa nakala 300. Waingereza Derek Bailey na Evan Parker walikwenda mbali zaidi, wakaacha hata bluzi, wakatafuta kubuni kusikokuwa na mtindo wowote. Huo ni mti mwingine wenye mizizi yake, na haufai kuhesabiwa kama tawi tu la Marekani.

New York ya miaka ya 1970 ilikuwa jiji lililokaribia kufilisika, na jambo hilo liliwafaa wanamuziki. Viwanda vidogo vya Manhattan ya chini vilikuwa vimehama, na ghorofa zao pana zilikodishwa kwa bei ya chini. Sam Rivers na mkewe Bea walifungua Studio Rivbea katika mtaa wa Bond, Rashied Ali akafungua Ali's Alley, na Coleman alikuwa na ukumbi wake wa Artists House katika mtaa wa Prince. Wapigaji kutoka Chicago na St. Louis walihamia huko. Mei 1976 maonyesho ya Rivbea yalirekodiwa na kutolewa katika santuri tano zilizoitwa Wildflowers, ambazo bado ni kumbukumbu bora ya zama hizo. Kodi za nyumba zilipopanda mwishoni mwa muongo, kumbi hizo zilifungwa moja baada ya nyingine.

Miaka ya 1980 sifa na fedha vilielekea kwa Wynton Marsalis na wenzake, waliotaka jazi irudi kwenye bluzi, mdundo wa swingi na kordi. Ukumbi mpya wa Knitting Factory, uliofunguliwa mwaka 1987, uliwapokea waliobaki nje, hasa John Zorn aliyechanganya jazi huru na roki kali. Tamasha la Vision la mpiga besi William Parker na mcheza dansi Patricia Nicholson lilianza mwaka 1996, nalo liliandaliwa na wasanii wenyewe. Tuzo ya Pulitzer ya muziki ilimwendea Ornette Coleman mwaka 2007 kwa Sound Grammar, na mwaka 2016 ikamwendea Henry Threadgill, mwanachama wa AACM.

Mwaka 2015 Kamasi Washington, mpiga saksafoni wa Los Angeles aliyekulia katika mazingira aliyoyajenga Tapscott, alitoa The Epic, diski tatu za karibu saa tatu, zenye kwaya na mkondo wa kiroho wa Coltrane na Sanders. Vijana waliokuwa hawajawahi kununua jazi waliinunua. London, shule ya Tomorrow's Warriors, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Gary Crosby na Janine Irons, ililea kizazi kilichochanganya jazi na mapigo ya Karibiani na Afrika Magharibi. Shabaka Hutchings, wa kizazi hicho, alirekodi Johannesburg na kikundi cha vijana wa Afrika Kusini alichokiita Ancestors, na Wisdom of Elders yao ilitoka mwaka 2016.

Wakongwe wenyewe hawakustaafu mapema. Pharoah Sanders alitoa Promises mwaka 2021, pamoja na msanii wa muziki wa kielektroniki Floating Points na London Symphony Orchestra, akafariki mwaka uliofuata. Art Ensemble iliadhimisha miaka 50 kwa santuri mpya mwaka 2019. AACM ina matawi Chicago na New York. Sun Ra alifariki mwaka 1993, lakini Arkestra inaendelea kupiga, ikiongozwa na mpiga saksafoni Marshall Allen, aliyejiunga nayo Chicago mwaka 1958. Allen alitimiza miaka 100 Mei 2024, na siku chache baadaye akaingia studioni kurekodi New Dawn, santuri ya kwanza kutoka kwa jina lake mwenyewe, iliyotolewa mwaka 2025.